Niliyemfundisha Kukaba Anataka Niwe Msaidizi Wake

Dada Mkubwa,

Ninayekuandikia ni mtu mzima mwenye wajukuu, na nikikuita dada usicheke, ndilo jina lililo juu ya ukurasa wako na mimi maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kufuata kanuni. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi. Usingizi ninaupata, nisikudanganye, ila chakula hakipiti vizuri, na mke wangu ameacha kunibembeleza, na mke wangu akiacha kubembeleza ujue ameshaamua, ananisubiri mimi tu nifike alipo.

Mimi ni kocha wa mpira wa miguu. Nimeifundisha timu moja ya daraja la pili tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, uwanja wetu una majani pembeni na vumbi katikati, chumba cha kubadilishia nguo kina bomba moja linalotoa maji linapojisikia, lakini kutoka kwenye vumbi hilo nimetoa wachezaji wa ligi kuu, nimetoa kipa wa timu ya taifa, nimetoa refa mmoja ambaye simsemi, na kila nikipita sokoni kuna mwanamume mwenye kitambi ananiita mwalimu na kunionyesha goti nililomwambia alipumzishe naye hakulipumzisha. Sisemi haya kwa kujisifu. Au basi, ninajisifu, nani mwingine atanisifu.

Katika hao wote yuko mmoja nitakayemwita Kijiti, kwa sababu ndivyo nilivyomwita siku ya kwanza alipokuja mazoezini na miguu myembamba mpaka soksi zinateremka kwa kukosa pa kushika. Alitaka kucheza mbele kama watoto wote wanavyotaka, mimi nikamweka beki wa kushoto, akalia, nikamwambia lia, lakini lia huku unarudi nyuma. Akarudi nyuma. Nikamfundisha kukaba bila kumgusa mtu, nikamfundisha kuisikia filimbi yangu, ambayo si ya kununua, ni ya vidole viwili mdomoni, na nikiipiga ndefu maana yake mabeki wote mstarini upesi, mengine tutaulizana baadaye. Kijana akakua, akachukuliwa na klabu kubwa, akawa nahodha, akastaafu kucheza, akasomea ukocha, na msimu huu, Dada, wamempa timu nzima, ndiye kocha mkuu wa klabu ambayo mimi niliiomba kazi mara kadhaa na haikunijibu hata kwa kukataa. Siku ilipotangazwa nilizunguka mtaani bila shughuli yoyote ili tu watu waniulize. Picha yake iko sebuleni kwangu karibu na picha ya harusi, na mwanangu wa kwanza analalamika kwamba yake iko koridoni.

Kijiti alikuja nyumbani mwenyewe, hakutuma mtu. Akaniamkia shikamoo, akakataa kiti kikubwa, akaketi kwenye stuli.

"Mwalimu," akasema, "mabeki wangu wanacheza kama abiria, kila mmoja na kituo chake cha kushukia. Nakuomba uje uwe msaidizi."

"Msaidizi wa nani?"

"Wangu, mwalimu."

Nikanywa chai yangu yote pale pale, ya moto hivyo hivyo, nikamwambia nitakuja wiki moja kutazama tu.

Hapa lazima nikutajie mke wangu, maana naye yumo. Yeye ni mtaalamu wa viungo wa klabu hiyo hiyo, yuko pale miaka mingi, makocha wanakuja na kuondoka yeye yupo, wachezaji wanamwita Mama Barafu kwa ajili ya kile kiboksi chake cha barafu, na akimtazama mtu anavyoshuka ngazi tu atakwambia ni msuli gani utakaokatika na ni wa mguu upi. Ninajivunia mke wangu kuliko ninavyomwambia. Mchezaji akianguka utamwona amesimama kwenye mstari, begi mkononi, macho kwa refa, na hatii mguu uwanjani mpaka aitwe, hata siku ile aliyekuwa anajigaragaza alikuwa mtoto wetu wa kumzaa, yeye alisimama akasubiri, mimi nikiwa jukwaani nautaja ukoo mzima wa refa.

Basi siku ya kwanza tukafika mimi na Kijiti kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, na mlango ni mwembamba. Yeye akasimama ili nitangulie kwa kuwa mimi ni mkubwa wake na ni mwalimu wake. Mimi nikasimama ili atangulie kwa kuwa ni chumba chake na ni timu yake. Akasema karibu mwalimu, nikasema hapana wewe, akasema haiwezekani, nikasema na mimi nitatanguliaje, na kule ndani wachezaji wote wa ligi kuu wamekaa na viatu vyao mkononi wanatutazama, mpaka mke wangu akaja nyuma yetu na kiboksi chake, akasema, "Barafu inayeyuka," akapita katikati yetu. Wachezaji wakacheka. Mimi mwenyewe ningecheka kama ningekuwa ndani.

Mwisho wa wiki wakacheza mechi ya kirafiki. Nilikaa benchi, mikono magotini, nikijiambia wewe mgeni, wewe mgeni. Kipindi cha pili winga wao akapata mpira na upande wetu wa kushoto ulikuwa wazi kama mlango wa duka, na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimesimama, vidole viko mdomoni, nimepiga filimbi ndefu. Sasa sikiliza kilichotokea. Mabeki waligeuka kutazama ni nani. Lakini Kijiti, kocha mkuu, aliyekuwa amesimama mbele yangu kwenye mstari na suruali yake ya pasi na viatu vya ngozi, alirudi nyuma. Alirudi mbio, kwa kutazama mbele, mkono mmoja umenyooka kupima mstari, kama nilivyomfundisha, akaja akagonga benchi ndipo akakumbuka kwamba hachezi. Uwanja mzima uliona. Dada, sijawahi kujisikia vile. Kifua kilijaa mpaka nikashindwa kukaa.

Baada ya mechi, wachezaji walipokwisha kuondoka, akanivuta pembeni, vile vile mimi nilivyokuwa nikiwavuta wao, akasema, "Mwalimu, ile filimbi ilikuwa sahihi. Safari ijayo niambie mimi kwanza."

Niambie mimi kwanza. Mimi. Niliyemwonyesha mpira ni wa kupigwa kwa upande gani wa mguu. Nilirudi nyumbani nikavua viatu nikamwambia mke wangu siendi tena. Akaniuliza, "Baba watoto, alikosea wapi?" Nikasema si suala la kukosea. Akasema, "Basi ni suala la nini?" Nikasema nina njaa, na sikuwa na njaa.

Timu yangu ya zamani haijanifukuza, mwenyekiti anasema nafasi ni yangu mpaka nichoke. Kijiti naye ameleta ujumbe kupitia kwa mke wangu: Jumamosi mazoezi ya msimu yanaanza, jezi yangu itakuwa imetundikwa, nikija nimekuja, nisipokuja ataelewa na hataniomba mara ya pili. Sasa niambie, mtu aliyekuwa kocha mkuu maisha yake yote ataanzaje kukaa benchi akisubiri ruhusa ya mtoto aliyemfundisha yeye mwenyewe kufunga kamba za viatu? Na nisipokwenda, nitaitazamaje ile picha sebuleni?

Ni mimi,
Kocha Mkuu (kwa sasa)

*

Kocha uliyekwama mlangoni,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nikaagiza chai, maana nilijua hapa nina kazi. Mpira mimi siujui, nyumbani wakianza kuutazama nahamia jikoni. Lakini watu ninawajua, na watu wanaoudhika kwa kupewa heshima nimejibu barua zao nyingi.

Nianze na pole, kwa sababu unastahili. Mtu aliyezoea kusimama akiambiwa akae, mwili mzima unakataa, wala usione haya. Kuna siku mhariri mmoja niliyemfundisha mwenyewe kushika kalamu alinikatia aya mbili, na nilinuna mpaka mshahara ulipotoka. Kwa hiyo sikucheki. Nakucheka kidogo tu, kwa ajili ya ile chai ya moto.

Sasa tuje kwenye ugomvi wako, maana nimeutafuta ulipo sijauona. Kijana amekuja mwenyewe, amekuamkia, ameketi chini yako ndani ya nyumba yako, amekwambia wazi kwamba kazi imemshinda upande mmoja na wewe ndiye unayeuweza. Umeipigia filimbi timu yake mbele ya uwanja mzima. Hakukufokea. Alingoja wachezaji waondoke, akakuvuta pembeni, akaanza kwa kukiri kwamba ulikuwa sahihi, ndipo akakwambia la kukwambia, tena kwa maneno machache. Wewe mwenyewe umeandika kwamba ndivyo ulivyokuwa ukiwafanyia wao. Sasa baba, unakasirika kwamba mwanafunzi wako alisikiliza?

Alichokuomba ni haki yake. Wale wachezaji wakizoea kusikia sauti mbili watachagua ile iliyopiga kelele zaidi, na kwa maelezo yako hiyo ni yako. Watakutazama wewe, yeye watampita. Mechi mbili tatu zikiharibika, viongozi watatafuta wa kumtoa, na hawatamtoa msaidizi. Watamtoa Kijiti. Utakuwa umemwangusha wewe unayezunguka mtaani kumtangaza. Hilo ndilo la kuogopa Jumamosi. Nani mkubwa na nani mdogo, hilo yeye ameshalimaliza kwa kukaa kwenye stuli.

Kwa hiyo ukijipima ukaona huwezi kukaa, usiende. Sitakulaumu. Baki na vumbi lako na bomba lako, endelea kutoa wachezaji, na ile picha itazame bila wasiwasi, ni yako. Lakini mpe jibu kwa mdomo wako, usimwache anatazama jezi iliyotundikwa.

Ila mimi sidhani kwamba huwezi. Nakuambia hivi kwa sababu unalala na mtu anayeweza, na katika barua nzima hukuona ulichokiandika. Huyo Mama Barafu anajua viungo kuliko refa, kuliko kocha, kuliko wote waliomo uwanjani. Mchezaji analia, naye anajua cha kufanya, na bado anasimama kwenye mstari anasubiri kuitwa. Mtoto wake wa kumzaa alikuwa chini, akasubiri. Nani alimwona mdogo siku ile? Wewe uliyekuwa jukwaani unatukana ndiye uliyeonekana. Kisha umeniandikia kwamba unajivunia kuliko unavyomwambia. Basi leo mwambie, halafu muulize anawezaje, na akikujibu usiseme una njaa.

Ukiamua kwenda, nenda hivi. Kwenye mechi kaa karibu na mke wako, na begi lake likae magotini kwako, ulishike kwa mikono yote miwili. Vidole vikiwa na kazi havitafika mdomoni. Ukiona upande wa kushoto uko wazi, mwambie Kijiti, kwa sauti ya mtu na mtu mwenzake, naye akiona vema atasema. Asipoona vema, nyamaza mpaka mwisho wa mechi, umvute pembeni, hilo unalijua. Mazoezini, mabeki ni wako, huko piga filimbi mpaka mashavu yachoke, ndicho alichokuitia. Na jina la Kijiti likae nyumbani, kwenye chai. Mbele ya wachezaji ana jina la kazi, na mpaka wakusikie wewe ukilitumia, kuna watakaokuwa wanalisema mdomoni tu.

Mtu ameacha kucheza siku nyingi, amevaa viatu vya ngozi, ana timu nzima ya kuongoza na viongozi wanamtazama, lakini filimbi yako ikilia mwili wake unarudi nyuma kuziba nafasi kabla kichwa hakijajua. Mimi nisiyejua mpira nimesoma hapo nikaweka kikombe chini. Makocha wangapi wamefundisha maisha yao yote na hawakuwahi kuona hivyo? Jivune, baba, una kila sababu. Kuna jambo moja tu hujamfundisha huyo kijana, nalo ni kuingia kwenye chumba chake mwenyewe bila kukuomba radhi, na hilo hakuna mwingine wa kumfundisha.

Jumamosi amka mapema, mbebee mke wako kile kiboksi. Mkifika kwenye ule mlango mwembamba, kijana atasimama tena akungoje, ndivyo ulivyomlea. Usianze ubishi wa hapana wewe, hapana wewe. Wachezaji watakuwa wanawatazama. Sema maneno mawili tu, kwa sauti yako ile ya uwanjani, wasikie mpaka waliokaa pembeni kabisa: "Tangulia, Kocha."

Dada Mkubwa