Oili Chini ya Kiti cha Dada Atu

Jumanne, 7 Januari

Hili sijamwambia mtu, hata mama. Asubuhi, baba akiwa bafuni, natoka uani, naenda kwenye kirikuu, kigari cha baba cha mizigo, nainua kiti cha abiria – injini iko chini yake – nachomoa stiki ya kupimia, na kama oili imeshuka naongeza. Halafu nashusha kiti, naingia jikoni kuchemsha chai kama vile sijatoka nje.

Ningependa kuandika kwamba nafanya hivi kwa kumpenda baba. Nampenda. Lakini nafanya kwa sababu ya dada Atu.

Dada Atuganile ni mtoto wa baba mkubwa. Alikuja toka Tukuyu kabla ya Krismasi, kamaliza kusomea ufundi magari. Mie nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Najua kupika na kunyamaza.

Kabla hajaja, gari lilikuwa letu, mie na baba. Anabeba makochi na vitanda kutoka Keko kwenda kwa wenye nyumba mpya Mbweni. Spidomita ilikufa zamani, kwa hiyo kilomita hatukuzijua. Tulitumia vizibo. Kila safari ya Mbweni baba alirudi na kizibo cha soda mfukoni, ananipa, natumbukiza kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo likijaa, oili inamwagwa. Mie ndiye nilikuwa natangaza. Tangu darasa la tatu. Halafu tunakwenda wote kwa mzee Mwinshehe dukani kununua namba 40, ile nzito. Baba ananiuliza, "Au tujaribu nyingine, Vai?" Natikisa kichwa. Jibu alikuwa analijua. Lakini aliniuliza.

Dada Atu alipoliona kopo alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba mdogo, yaani oili mnamwaga kwa hesabu ya soda?" Baba naye akacheka. Hicho ndicho kinaniuma – kwamba naye alicheka.

Alhamisi, 9 Januari

Juzi sikuandika ilivyoanza. Dada Atu alifunga waya mpya wa spidomita, namba zikaanza kutembea. Akasema sasa tumwage kila kilomita elfu tano, na tujaribu oili nyepesi, asubuhi gari liwake bila kulalamika. "Ila injini imetembea sana hii. Tutakuwa tunapima. Ikianza kula oili, tunarudi kwenye nzito."

Mzee Mwinshehe akasema yeye anauza zote, tuchague wenyewe. Baba akamgeukia dada Atu. Mie nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimeshika mfuko.

Na injini inaila kweli hiyo nyepesi. Taa ya oili kwenye dashibodi iliungua siku nyingi, haisemi kitu. Nilipoona stiki imekauka nusu, nilikwenda kumwambia baba. Nikafika mlangoni, nikamsikia anamsimulia jirani: "Nina fundi wangu wa kike ndani, sihangaiki tena." Nikarudi. Stoo kulikuwa na dumu la 40 lililobaki. Nikamimina.

Nilifurahi, acha niseme ukweli. Kuna kitu cha gari nilikijua mie peke yangu.

Jumamosi, 11 Januari

Dada Atu kapima mbele ya baba. Kafuta stiki kwa kitambaa, kaichovya, kaitoa. Imejaa.

"Umeona, Baba mdogo? Haili hata tone."

Baba kampiga begani, vile anavyonipigaga mie. Nilikuwa nafua, nimewapa mgongo. Oili waliyokuwa wanaisifu ni yangu!

Baadaye kaja kwenye beseni. "Vai, nikufundishe kupima oili?" Nikasema nina kazi. Mie, ninayepima tangu sijaota meno ya mbele ya ukubwani. Akasema haya mdogo wangu, siku nyingine, akanisaidia kukamua mashuka. Angenitukana ningepumua.

Jumatatu, 13 Januari

Baba kapata kazi ya mabenchi ya kanisa, toka Keko mpaka Morogoro, kwenda na kurudi wiki nzima. Kasema mezani: "Ningekataa. Milima ile na injini yangu hii. Lakini fundi kasema nzima."

Dada Atu kasema kwa inavyokwenda, hata wakizidisha kidogo hizo elfu tano si ishu. Anakwenda naye. Viti ni viwili tu. "Vai atabaki na mama yake."

Kama injini ikikauka njiani, gari limekufa, na sie tunakula kwa gari hilo. Dada Atu aliweka kipimo, mie nikakidanganya. Nilifungua mdomo. Mama akaniuliza, "Unataka mboga?"

Nikasema ndiyo.

Jumanne, 14 Januari

Naandika jikoni, chai inachemka. Mabenchi yamefungwa kamba toka jana. Nimepima: chini ya alama. Nimemimina yote iliyobaki kwenye dumu, bado haijafika. Mlango wa bafu ukalia, nikashusha kiti.

Nikisema, baba atauliza nimejuaje. Dada Atu atasikia. Anaimba huko nje, keshaweka mto wake kwenye kile kiti.

Sasa hivi baba kaingia. Nimefunika daftari kwa kanga. Katoa kizibo mfukoni, kaniwekea kiganjani. "Cha Mbweni ya Ijumaa, nilisahau. Kopo lako bado lipo?" Nikasema lipo. "Basi lisitupwe. Nitakuletea na vya Morogoro."

Katoka. Kizibo kina joto la mfuko wake.

Injini imewaka. Haijalalamika hata kidogo, oili nyepesi hiyo. Dada Atu anafungua geti.

Wewe daftari, nyamaza. Niliyokuandikia humu usimpe mtu, si mama, si dada Atu. Baba niachie mie nimwambie mwenyewe, miguu ikinifikisha getini kabla hawajato–