Pini Iliyochomoka

Mutsamudu, Ndzuani
9 Machi 1987

Kwa kaka yangu mpenzi Soulé, Unguja,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Nakushikia miguu kaka, na nakuombea barua hii ikukute mzima, wewe na wifi na watoto. Sisi huku hatujambo kwa rehema za Mungu. Mvua ni kubwa mwaka huu, paa la jikoni linavuja, lakini hayo si ya kuandika barua. Nieleze hali ya bega lako. Barua yako ya mwisho ulisema hufiki juu ya ubao, na kwamba wanafunzi wamezoea kukuona ukiandika nusu ya chini tu. Nilisoma hapo nikaiweka barua chini, sikuimaliza mpaka kesho yake.

Naandika kwa Kiswahili chetu cha utotoni, kile tulichokuja nacho Moroni kutoka Unguja tukachekwa nacho shuleni. Huku wanaokijua ni wazee wachache na wafanyabiashara, na kwa barua hii nimeona ni afadhali hivyo. Sikuitia posta. Ameichukua mzee Mouridi, jirani yetu, anayekuja huko kutibiwa macho. Nimemwomba akupe mkononi, na wewe uisome ukiwa peke yako.

Shemeji yako Boina hajambo. Bado anatengeneza redio pale karibu na bandari, na siku hizi kazi haipungui, maana kila meli ikitia nanga, mabaharia wanashuka na redio kaseti, na kila nyumba inataka yake. Mimi hukaa mbele kupokea wateja, yeye yuko nyuma na bisibisi zake. Kaka, ungecheka kusikia malalamiko ya watu. Mmoja kaleta redio ambayo kifuniko cha mawe ya betri hakikai, kaifunga kwa kitambaa cha kilemba. Mwingine ameinunua mpya kabisa, lakini kidude cha kuzungushia sauti na kile cha kutafutia stesheni ni sawasawa, vimekaa bega kwa bega, basi kila akitaka kupunguza sauti anapoteza taarifa ya habari. Mzee mmoja alilia kabisa. Alibonyeza kitufe chekundu akidhani ni cha kusikilizia, akafuta kisomo cha marehemu mwalimu wake. Boina huwa hawacheki. Husema kwamba waliounda mashine hizi hawakuwahi kukaa na mtu anayeitumia, na kwamba mtu hawezi kulaumiwa kwa kukosea vitufe sita vyeusi vinavyofanana kama meno.

Nami nilikuwa nikisikia maneno hayo kila siku, nikinyamaza.

Mwezi uliopita alikuja mwanamke wa Mirontsy, Rahamatou, muuza samaki. Alileta redio kaseti ya mumewe, na lalamiko lake lilikuwa moja. Alisema wakichomeka kile kispika kidogo cha sikioni, tundu lake ni legevu, pini haishiki. Ukigeuka tu kidogo pini inachomoka, na mashine inapiga kelele nyumba nzima inashtuka. Boina akamwambia amwonyeshe. Rahamatou akaweka kaseti ya taarabu, akachomeka, akazungusha sauti hadi mwisho kwa sababu kile kispika ni kinyonge, kisha akageuka kuniambia neno. Pini ikatoka. Sauti ikalipuka.

Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe vya chai. Liliniponyoka lote. Nilijikuta nimekaa chini, mikono masikioni, nalia kama mtoto, na Rahamatou ananimwagia maji ananisomea. Alipoondoka Boina alifunga mlango, akaniuliza nina nini. Nikamweleza. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuambiwa, kaka, na wewe ulistahili kutangulia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichukua ile redio ya Rahamatou, akaifungua, akafanya kazi kama saa nzima amenipa mgongo. Nilidhani ananiacha. Mwishowe akaniambia kwamba Jumatatu tunapanda meli kwenda Moroni, na kwamba atanisindikiza, ila kusema sitasemewa.

Basi tulikwenda. Tulifikia kwa shangazi Nafissa. Asubuhi yake nikaenda sokoni Volo Volo, Boina akinifuata nyuma, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba yupo huko. Unajua ninamsema nani. Kila barua yako tangu uondoke huniuliza kama yule mtu bado yuko, kama bado anathubutu kupita mbele ya nyumba yetu.

Nilimkuta Ridjali mwisho kabisa wa soko, mahali magari madogo yanapogeuzia, ameketi juu ya gunia. Mbele yake ana vitunguu, kibiriti na makopo ya nyanya yasiyozidi kumi. Wewe unakumbuka duka lake lililotazamana na dirisha lako, mizani ya shaba, magunia ya mchele hadi dari. Amekonda, na ndevu zimekuwa nyeupe zote. Watu wa mtaani kwetu waliokuja sokoni walinunua vitunguu kwa wenzake wa kulia na wa kushoto, kwake wakapita. Miaka mitano kaka, bado wanapita.

Niruhusu nirudie mambo unayoyajua, ndipo nifike kwa usiyoyajua.

Siku ile ya mwaka themanini na mbili ulikuwa umetoka kwenda kuswali alasiri. Wale wazungu wenye bunduki, mamluki waliomlinda rais, walikuwa wameizoea njia yetu, wakija na askari wao kununua sigara kwa Ridjali. Baada ya siku mbili walikuja kwetu, wakakuchukua pamoja na redio yako na ile kaseti ya wanafunzi wa ng'ambo, iliyowataja wazungu kwa majina na kuuliza nani aliwapa nchi yetu. Miezi mitano hukuonekana. Uliporudi, mkono wako haukunyanyuka tena.

Mtaa mzima ulisema ni Ridjali. Watu wawili walimwona siku ile ya alasiri akizungumza na askari mbele ya duka, akinyoosha mkono. Mama alitoka uchi wa kichwa, akasimama katikati ya njia akamwapiza mbele ya watoto wake. Ridjali aliingia dukani tu, akaegesha mlango. Kisha wewe ukafika Unguja, ukaandika ile barua iliyosomwa baada ya sala ya Ijumaa, kwamba damu yako iko mkononi mwa Ridjali, na anayekupenda asimwamkie. Tangu siku hiyo hakuamkiwa. Harusi ya binti yake wazee hawakwenda, wali ukamwagwa. Duka likafa.

Na siku ya maziko ya Mama, Ridjali alikuja. Hili sikukuandikia. Alikuja na sanda mkononi, kitambaa kizuri, amekikunja kwenye karatasi. Wanaume wakamzuia mlangoni. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nilimsikia akisema polepole kwamba amekula mkononi mwa mama huyu miaka kumi, amzike tu kisha ataondoka. Wakamrudisha. Nilisikia yote, kaka. Nilikuwa hatua sita kutoka mlango ule.

Sasa nakuandikia yale usiyoyajua.

Alasiri ile ulipotoka, niliingia chumbani kwako. Ulikuwa umenikataza redio ile mara ngapi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilikuona kila siku umejiinamia na kile kispika sikioni, uso umebadilika, nikataka kujua unasikia nini. Nilikaa kitandani kwako karibu na dirisha, nikakitia sikioni, nikabonyeza. Nikasikia mtu anazungumza nchi yetu kama sijawahi kuisikia ikizungumzwa. Sijui nilikaa muda gani. Mama akaniita kutoka uani. Nikasimama, na waya ukiwa bado sikioni.

Pini ikachomoka. Wewe ulikuwa umeweka sauti mwisho, kwa sababu kispika chako kilikuwa kinyonge kama cha Rahamatou. Ile sauti ikatoka dirishani hadi njiani, ikitaja majina ya wazungu. Nikabonyeza kitufe, nacho kikawa cha kwenda mbele, kaseti ikalia kama kuku anayekamatwa. Nikabonyeza kingine, mtu yule akaendelea na hotuba. Alama za vitufe zilikuwa zimefutika zote, wewe ulivijua kwa vidole vyako, mimi sikuvijua. Mwisho nikapiga kimoja kwa ngumi, mlango wa kaseti ukafunguka na kukawa kimya. Nilipochungulia penye pazia, askari alikuwa amesimama mbele ya duka na sigara haijawashwa, anatazama dirisha lako. Alimuuliza Ridjali neno. Ridjali akamjibu, akanyoosha mkono.

Nilirudisha kaseti, nikachomeka pini, nikatandika kitanda. Uliporudi msikitini uliniuliza kwa nini nimenyamaza, nikasema kichwa kinaniuma.

Mimi ndiye, Soulé. Hakukusema mtu. Ni mimi, na nimejua hivyo tangu walipokutoa mlangoni, na nimenyamaza Mama alipoapiza, na barua yako iliposomwa, na sanda iliporudishwa. Pale mwanzo niliogopa wazungu. Halafu nikamwogopa Mama. Alipofariki nikawa sina tena wa kumwogopa, na bado nikanyamaza. Pini ilichomoka yenyewe, hilo namshukuru Boina kwa kuniambia, lakini miaka mitano ya kimya ni yangu.

Pale Volo Volo nilichuchumaa mbele ya gunia lake. Kabla sijafungua kinywa, Ridjali aliniuliza, “Bega la Soulé linaendeleaje?” Nikalia palepale, watu wanatazama. Nikamwambia kila kitu kama nilivyokuandikia.

Hakushtuka. Akasema alijua. Aliliona pazia likitikisika, akaona mtandio wangu wa manjano, na alijua wewe uko msikitini kwa sababu alikuona ukipita. Yule askari alimuuliza nyumba ile ni ya nani. Akamjibu kwamba ni ya mama mtu mzima, redio yake ni mbovu, inajipigia kelele yenyewe. Kisha akamwonyesha kwa mkono njia ya kushuka baharini, akimwambia huko kuna soda za baridi. Alitaka aondoke upesi. Huo ndio mkono uliozungumzwa miaka mitano. Askari aliondoka, lakini dirisha alilikariri.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu:

“Ningesema nini, mwanangu? Kwamba si mimi, ni binti wa humu ndani? Wangekufuata wewe. Nilikuwa na mabinti wanne, nilijua wangekufanyaje.”

Nikamwambia kwamba baadaye, wewe ulipoachiwa, angeweza kusema. Akashika kitunguu, akakiondoa ganda, akasema kwamba wakati huo hakuna ambaye angemwamini, wangesema anamsingizia mtoto yatima wa baba. Akaongeza, bila hasira yoyote, “Nilikaa nikikungoja uje mwenyewe. Nilidhani utakuja mapema kidogo.”

Kaka, ningependa anipige. Hakunipiga. Alinifungia vitunguu akanipa.

Boina aliponiuliza tufanye nini, nilitaka twende msikitini siku ileile nikaseme. Ridjali alikataa. Wazungu bado wapo, alisema, na jina langu lisitajwe hadharani maadamu wapo. Lakini nilipomsihi aniambie anataka nini, alipanga upya makopo yake ya nyanya, kisha akasema mkewe hajaalikwa popote tangu mwaka ule, na kwamba angependa aalikwe kabla hawajazeeka wote wawili. Hicho tu. Wala hakuomba duka lake.

Mtaa hautanisikiliza mimi peke yangu, na sina haki ya kuwatuma wengine. Barua yako ndiyo iliyomfungia milango, na ni barua yako tu itakayomfungulia. Nakuomba uandike nyingine, isomwe palepale, baada ya sala ileile, kwamba Ridjali hakukusaliti na wewe umehakikisha. Wakikuuliza umehakikisha kwa nani, hilo nakuachia wewe. Ukilitaja jina langu sitalalamika. Boina naye amekubali, ingawa aliinama alipokuwa akikubali.

Kuhusu mimi na wewe, siombi kitu leo. Ukinyamaza mwaka, nitajua kwa nini. Ukiamua kwamba huna tena dada, nitawaambia wanangu kwamba haki ilikuwa yako. Lakini ukiwa na nafasi ya barua moja tu, usiniandikie mimi. Mwandikie yeye kwanza.

Shangazi Nafissa anakusalimu sana, na anataka picha ya mtoto mdogo. Boina anakusalimu na kukupa pole ya bega. Watoto wanakuamkia, ingawa hawajakuona. Nisalimie wifi na wote wa nyumbani, na majirani zetu wa zamani waliobaki hai.

Na Ridjali anakusalimu. Nilimuuliza mara mbili kama kweli niiandike salamu hiyo, akasema niiandike.

Dada yako,
Zalifa