Mabati ya Mama na Mkono Wako wa Kulia

Kaka yangu Projesti,

Siri ya mabati niliitoa mimi. Ulikufa hujui, nami nimeimeza miaka yote hii.

Unakumbuka nyumba yetu ya nyasi pale Nshamba, baada ya baba kuchukuliwa vitani asirudi? Mvua ilitunyeshea kitandani. Wewe ulichezea timu ya mpira wa kikapu ya Kahororo, na timu zote zilikuwa zimekubaliana kikomo: mchezaji apewe nauli na sabuni, basi. Anayezidisha atozwe faini, na kwa fedha hiyo timu nyingine zinunuliwe mipira. Ndipo yule tajiri wa samaki wa kisiwa cha Bumbire akakuhamishia kwenye timu yake, na kwa siri akamwezekea mama nyumba kwa mabati.

"Funga mdomo, Koku," uliniambia kutoka juu ya paa, unacheka, nyundo mkononi.

Sikuufunga. Shuleni msichana mmoja alinitania kwamba kwetu tunalala na konokono. Nilimpasua mdomo kwa ngumi, kisha nikajitapa: "Tuna mabati, kaka kayapata kwa mpira!" Kumbe msichana huyo alikuwa mdogo wake kapteni wenu wa Kahororo.

Tajiri alipotozwa faini, alikicheka kikao kizima. "Nalipa. Chenji nunueni filimbi." Msimu huohuo akanunua wachezaji wengine wawili.

Jumapili mchana walikuja watano wa Kahororo. Kapteni alikukandamiza mkono juu ya jiwe la mama la kunolea. "Mwana wa mabati! Tajiri wako faini haimuumi. Itakuuma wewe." Tofali likashuka mara tatu. Nilivisikia vidole vikivunjika. Mama alilia, "Waitu, jamani, mwacheni!" Mimi nilimng'ata mmoja sikio mpaka damu ikanijaa mdomoni. Haikusaidia kitu.

Tajiri hakuwa na haja na mchezaji asiye na vidole. Alikupeleka Bumbire ukaanike dagaa, na huko ukaupata ugonjwa uliokuwa ukitufanya tuzike watu kila wiki. Nilikuosha mwenyewe. Ule mkono niliuosha mwisho.

Sasa ligi yenu inafufuliwa. Wametaka niandike kanuni kwa kuwa nimesoma, na aliyetumwa kwangu ni kapteni yule yule. Kaka, nililitamani tofali. Nikaandika: timu itakayozidisha kikomo haitacheza msimu mzima, faini haipokelewi. Na paa la mzazi halihesabiwi.

"Hii ya paa ya nini?" akauliza.

Nikamwonyesha juu, mabati yale yale yenye kutu. Alisaini, kisha akaninyooshea mkono wake wa kulia.

Sikuupokea. Nisamehe huo mdomo wangu, kaka. Yeye mwache kwangu.

Mdogo wako uliyemkataza kusema,
Koku