Tundu la Umbo la Yai

Okot, afande wangu,

Nakuandikia nikiwa dukani hapa Mengo, vitambaa vimenizunguka na mteja hakuna. Nina kesi, na wewe ndiye polisi pekee niliyewahi kumwamini. Shida ni kwamba jina lako nalo limo kwenye kesi.

Baada ya kukuzika, mkeo, shemeji yangu, alinikabidhi rili yako, kile kigurudumu cha uzi tulichokuwa tukifunga kwenye fimbo za kuvulia samaki kwa chambo cha nzi bandia wa manyoya. Alisema uliagiza nipewe mimi. Nikalia, bwana. Kisha nikaizungusha, na machozi yakakauka papo hapo. Ilikuwa inayumba na kukwaruza kama mzee anayesafisha koo.

Rili yako haikuwa hivyo. Unakumbuka tulivyozinunua mbili, pacha, kwa yule mzungu aliyekuwa anahama? Uliipima moja mkononi ukasema, "Hajji, hii ni nzito kama pasi ya mkaa. Kifundo chako cha mkono kitakufa." Hajji! Mimi ambaye uwanja wa ndege huwa nafika kusindikiza watu tu.

Ndipo tukaanza kuzitoboa barazani kwako ili tuzipunguzie uzito. Wewe ulipiga alama kwa msumari kabla ya kila tundu, ukatoboa polepole, ukasugua kingo kwa msasa. Mimi nikasema alama ni za waoga. Keekee ikateleza, tundu moja likatoka kama yai, mengine yakaenda yalikotaka. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukaichukua rili yangu, ukairudisha nyepesi na kimya, imepakwa rangi nyeusi kama yako. "Nimeirekebisha. Ila uzi wa chini usiuguse. Ukitaka kubadilisha, niletee mimi." Nami nikaenda kujisifu kwa watu wa mtoni kule Jinja kwamba nimeitoboa kwa mkono wangu.

Basi ulipoondoka, na rili yako ikawa inakwaruza, nilianza kuchunguza. Nikafungua uzi wako wote nikitafuta ile namba yako ya kazi. Nyumbani kwako hakuna kijiko ambacho hukukikwaruza namba, wala tochi, wala kiti. Shemeji alikuwa akisema iko siku ataamka akute namba mgongoni. Kwenye rili haikuwepo. Nikajua imebadilishwa.

Nikamshuku Opio, kaka wa mkeo, fundi wa pikipiki wa Kalerwe, maana ndiye aliyetunza vitu vyako ulipougua. Nilikwenda karakana kwake na kisingizio hiki na kile. Siku moja nikaona kisahani chenye matundu kimening'inia ukutani. Nikakishusha mwenyewe. Kilikuwa kipande cha klachi. Opio alinitazama nilivyochafuka oili kanzu nzima, akasema, "Hajji, mimi hata samaki wa kwenye sahani namwogopa. Unatafuta nini kwangu?" Nikaona hilo ndilo jibu hasa la mwizi.

Siku ya kumaliza matanga, ndugu zako wakikusanyika kugawa vitu vyako, nilipangiwa kusema mawili matatu. Nilikuwa nimeamua kumtaja Opio mbele ya watu wote. Opio, ambaye tangu uondoke analala pale nyumbani ili dada yake asisikie ukimya. Fikiria ningemwacha shemeji na nani.

Asubuhi ile nikaanza kuondoa ile rangi nyeusi ya rili kwa petroli, nipate ushahidi. Rangi ikatoka, gundi iliyokuwa chini yake ikalegea na kudondoka. Nikabaki natazama tundu la umbo la yai.

Okot, lile yai ni langu. Ningelitambua hata gizani.

Nikaichukua rili yangu, hii nyepesi, hii ya kujisifia. Nikaufungua uzi mpaka ule wa chini niliokatazwa. Namba yako ilikuwa pale, imekwaruzwa vizuri kwa msumari.

Kumbe ndiyo maana kila safari ulijaza grisi kwenye yako na hukutaka niishike. Nilidhani ni umaridadi wa kipolisi. Miaka yote hiyo umevua na rili niliyoiharibu mimi, nikikucheka kwamba unachelewa kuvuta uzi, na kifundo changu kikapumzika kwa kazi ya mkono wako.

Kwenye matanga nilisimama, nikasema ulikuwa mtu mzuri na mwongo. Wakwe zako wakagutuka. Opio peke yake alicheka. Jioni nilimpelekea kopo la oili, sikumweleza kwa nini. Aliinusa, akanitazama, nadhani sasa yeye ndiye ananishuku.

Nami sina amani. Yule samaki mkubwa niliyempata ulipokuwa umenishikia fimbo nikiswali alasiri, nikarudi ukasema, "Ndiyo kwanza ameuma," sitaki hata kumfikiria. Usinijibu.

Lala, afande. Rili yako nimeiweka, namba yako na yote. Kuanzia sasa nitavulia ile ya yai, ikwaruze, ichelewe, kifundo kiniume. Opio amekubali kuja nami, mradi atakaa mbali na maji. Na siku nitakayopata samaki kwa kazi ya mikono yangu kweli, nitakuja kwenye kaburi lako nikutangazie kwa sauti kubwa, hata kama ni mdogo kama kidole.

Wako uliyemdanganya,
Hajji