Nimemchukua Mbwa wa Mansuri

Mama Mansuri,

Nimetoka na mbwa. Tunakwenda kwa miguu hadi Baleni, tutalala siku mbili hemani, shambani kwa kaka Fikiri. Mihogo imo sufuriani, samaki nimewafunika kwa kawa. Dawa yako ya presha umeze baada ya kula.

Asubuhi ulipommwagia mbwa maji ya moto sikukugombeza. Najua humchukii. Tangu mwanetu azame, mwezi wa tatu sasa, mbwa halali pengine ila mlangoni pa chumba chake, na kila akisimamisha masikio wewe unageuka kuona nani anakuja. Mimi pia nageuka. Sijapata kukwambia.

Mgongo umembabuka kidogo, nimempaka asali.

Hema ni lile lile walilokuwa wakilala yeye na Mansuri. Lina mchanga bado ndani. Sikulikung'uta.

~~Jumapili nitarudi naye.~~ Hapana. Nitamwacha kwa Fikiri, awafukuze tumbili shambani. Hatuwezi kuendelea hivi, mke wangu.

Nitarudi peke yangu. Usiniulize kama alitaka kunifuata.

Baba Mansuri