Filamu Niliyokuzimia

Mama Watoto,

Sisi wazima. Bati lililokuwa linavuja nimeliziba, na mdogo ameng'oka jino.

Jumapili niliitazama ile filamu niliyokuzimia ukiitazama, nikisema, "Watu wanaongea tu, hakuna hata ngumi!" Nilidhani nitasinzia. Kumbe yule bwana anamuuliza mkewe kinachomchosha, kisha ananyamaza amsikilize. Nikalia, fundi mzima wa kuchomelea vyuma. Dada wa kazi akaingia: "Kaka, kuna msiba?" Nikamdanganya ni mafua.

Machozi si aibu yangu. Aibu ni kwamba miaka tisa uliniomba tuzungumze, nami nikaongeza sauti ya mpira mpaka ukafunga mizigo.

Ukikubali, Jumamosi nitakuja kwa mama mkwe. Nitakusikiliza, hata ukiniambia hurudi.

Mumeo, kama bado naruhusiwa kujiita hivyo