Uji Anaokwenda Kunywa kwa Farida

Mbagala Kizuiani,
Temeke, Dar es Salaam.
15 Juni, 2025.

Mpendwa Dada Loveness,

Shikamoo dada. Mnaendeleaje huko Tukuyu na baridi la mwezi huu? Goti la shemeji limepata nafuu? Sisi wazima, ila mimi naumwa wivu, na sioni haya kukwambia. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mdogo wetu Benson akinisikia nikiongea kwenye simu anadhani tunamsengenya.

Alipoanza kusikia sauti za watu wasiokuwepo, nilikuwa namsagia vidonge na kumchanganyia kwenye uji bila kumwambia. Siku moja akaonja uchungu. Huu mwezi wa pili hagusi chochote kilichotoka mkononi mwangu.

Anakula kwa Farida, jirani yetu, ambaye mumewe ana ugonjwa huohuo. Anakwenda na sahani yake kama kaalikwa arusi, anameza dawa mbele ya watu, na anacheka! Mimi niliyembeba mgongoni mama alipofariki nabaki kuchungulia dirishani. Dada, roho inaniuma. Na uji wenyewe wa Farida mwepesi, maji matupu.

Halafu ni huyohuyo aliyenivuta kwenye kikundi cha familia za wagonjwa, kila Jumamosi, ofisi ya serikali ya mtaa. Nilikwenda nimenuna. Muuguzi akatufundisha kwamba mgonjwa hafichwi dawa. Anaambiwa anameza nini na kwa nini. Wenzangu wakasema makosa yao, nami nikasema langu, machozi yakanitoka. Farida akanishika bega. Nilitamani kuuondoa ule mkono, lakini nilikuwa nauhitaji.

Leo asubuhi nimeweka kidonge mezani, na kikombe cha uji kando. Nikamwambia Benson, "Nilikudanganya, mdogo wangu. Nisamehe." Akanisogezea kikombe.

"Onja kwanza wewe."

Nikaonja. Akameza kidonge, akanywa uji hadi nusu. Dada, nilifurahi mno!

Mara akanyanyuka na kikombe. "Huu mtamu, sista. Ngoja nimpelekee da Farida."

Nisalimie shemeji, Gervas na mama mdogo. Mungu awafunike huko mliko. Naishia hapa, maana nawasikia wanacheka ng'ambo ya ukuta, na safari hii nakwenda kukaa nao, hata kama nimenuna.

Mdogo wako akupendaye, na wivu wake,
Tupokigwe